Namba ya Mgawo

Mama alikagua mashati. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na minne, katika karakana ya nguo iliyokuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Mashati yaliletwa mezani kwake kwa mafungu ya ishirini. Alitazama kola, kisha mabega, kisha vifungo, kisha pindo. Uzi uliolegea aliukata. Mshono ulioruka aliutia chaki. Shati lenye chaki lilirudi kwa mshonaji. Shati lisilo na chaki lilikwenda kwenye pasi.

Mwezi wa tatu, mashati yalianza kurudi kutoka madukani. Moja lilikuwa na kifungo kisicho na tundu. Jingine lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Msimamizi aliyaweka mezani kwa mama bila kusema kitu. Yaliporudi mara ya tatu, alisema. Alimweleza kwamba hamfukuzi, lakini meza ya ukaguzi inataka macho. Mwezi wa sita ukiisha macho yake hayajatengenezwa, meza atapewa mtu mwingine.

Mama hakubisha. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu tangu mwaka uliopita, na la kushoto lilianza kulifuata. Alikwenda hospitali. Daktari alimmulika, akamwambia ni mtoto wa jicho. Upasuaji wake ni wa nusu saa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo upasuaji haukuwa shida. Shida ilikuwa kupata siku.

Siku zilitolewa kwa simu. Mama alipewa kadi ya kijani. Nyuma ya kadi paliandikwa kwamba zamu ya mgonjwa ikifika, atapata ujumbe, na ndani ya siku saba apige simu kuthibitisha. Asipothibitisha, nafasi yake atapewa mwingine. Chini ya maneno hayo kulikuwa na namba fupi ya tarakimu tano, kwa wino mwekundu.

Mume wa mama alikuwa kinyozi. Wateja walimwita Bipu, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka mingi hakuna aliyekumbuka kupigiwa simu na kinyozi ikafika kupokelewa. Alipiga, simu ikalia mara moja, akakata, akakaa kusubiri apigiwe. Mwenye shida naye atapiga, alisema, na asiye na shida naye hawana la kuzungumza. Binti yao, aliyefanya kazi kwenye duka la kuchapa na kunakili karatasi, alikuwa akimpinga juu ya jambo hilo tangu utotoni. Alimpinga juu ya mambo mengine pia, na mara nyingi alishinda. Ndiyo maana nyumbani walimwita Wakili.

Ujumbe wa hospitali ulifika Jumatatu, mwanzoni mwa mwezi wa tano. Zamu ya mama ilikuwa imefika.

Karakanani simu ziliachwa kwa mlinzi wa mlangoni mpaka jioni, saa za hospitali zikiwa zimekwisha. Kwa hiyo mama alimwachia mumewe simu yake, na kazi ya kupiga ikamwangukia yeye. Kinyozi hakuona ugumu. Hospitali nzima haikosi simu, aliwaambia wateja wake. Wataona namba, watapiga. Tena namba yao yenyewe ni fupi, na namba fupi ni za bure, kama ile ya zimamoto.

Akabipu mara tatu kabla ya saa sita mchana. Jambo moja lilimshangaza. Simu haikulia hata kidogo. Ilipokelewa papo hapo, na sauti ya mwanamke ikamshukuru kwa kupiga. Kinyozi naye akamshukuru, akamuuliza habari za kazi. Sauti ikaendelea kuzungumza bila kumsikiliza. Alikata, akasema hospitali imeajiri watu wasio na adabu. Mteja aliyekuwa kitini, povu kidevuni, alimwambia hiyo ni mashine.

"Mashine au si mashine," alisema kinyozi, "salamu huitikiwa."

Siku ya pili salio lilikuwa limekwisha. Kinyozi alikuwa ameliweka Jumapili. Alimshuku Wakili kwamba amelimaliza kwa kusikiliza muziki. Wakili alimwonyesha simu yake mwenyewe, yenye nyimbo zote anazozitaka, na akamuuliza kwa nini aende kuziazima kwa mama. Kinyozi akaongeza salio. Likaisha tena jioni. Siku ya nne aliamua kupiga kama watu wengine wanavyopiga, yaani kupiga na kusubiri. Alisikia muziki. Sauti ikamwambia ni wa nane kwenye foleni. Muziki tena. Wa saba. Muziki. Alipokuwa wa tatu, salio likaisha na simu ikakatika. Alipopiga tena kesho yake, alikuwa wa kumi na mbili.

Siku ya nane ulifika ujumbe mwingine. Nafasi amepewa mgonjwa mwingine, na jina la mama limerudi mwisho wa orodha.

Mama aliusoma akiwa ameibandika simu karibu na pua. Hakulia. Aliuliza mwisho wa orodha uko wapi. Hakuna aliyejua.

Asubuhi iliyofuata Wakili aliomba ruhusa kazini, akaenda hospitali. Alielekezwa dirisha namba tatu. Karani wa hapo alikuwa mpole. Alimweleza kwamba orodha ya upasuaji haiko dirishani, iko kwenye simu. Wakili akatoa simu yake na kupiga pale pale, mbele yake. Nyuma ya karani kulikuwa na mlango ulioachwa wazi nusu. Ndani ya chumba hicho palikuwa na meza tatu na simu tatu, na mwanamke mmoja tu aliyekuwa akizungumza na mtu na huku akiandika. Viti viwili vilikuwa vitupu.

Sauti kwenye simu ya Wakili ilisema yeye ni wa kumi na moja.

"Kaka," alimwambia karani, "yule dada pale ndiye ninayempigia?"

"Ndiye."

"Niingie nimuulize?"

"Hairuhusiwi."

"Basi nenda wewe umwambie wa kumi na moja yuko hapa, hatua sita kutoka alipo."

Karani alicheka, kisha akaona hakupaswa kucheka. Alipunguza sauti, akasema hata mama yake mzazi anapiga hiyo hiyo.

Mlango uliotazamana na wao aliishi mwanamke ambaye mtaa ulimwita Bi Waya. Alikuwa fundi wa mitambo ya simu kwa miaka ishirini na miwili, hadi magoti yake yalipokataa ngazi. Jioni hiyo alikuja kurudisha pasi aliyoazima. Alimkuta Wakili akisimulia habari za dirisha namba tatu, na kinyozi akiapa kwamba salio linaibwa na watu wa mitandaoni. Bi Waya hakuketi. Aliomba kadi ya kijani, akaitazama namba. Kisha akaomba simu.

"Shemeji," alimuuliza kinyozi, "ulibipu mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Bipu haihesabiwi. Ndiyo maana ikaitwa bipu."

"Ngoja tuihesabu."

Alitazama salio, akaliandika pembeni ya gazeti kuukuu. Akapiga namba ile. Sauti ya mwanamke iliposema neno la kwanza, akakata. Zilikuwa sekunde mbili. Akatazama salio tena, akaliandika chini ya lile la kwanza. Kinyozi alilichukua gazeti, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu.

"Hapo umelipia dakika nzima," Bi Waya alisema. "Ukibipu mtu ni bure kwa sababu mtu hapokei. Hapa mashine hupokea kabla simu haijalia. Ikishapokea, wewe umeshazungumza. Na sekunde mbili zinahesabiwa dakika moja."

"Dakika moja haiwezi kula salio hivi. Tena nina kifurushi."

"Kifurushi hakifiki huku. Namba za namna hii hula salio lenyewe. Na dakika ya huku si kama ya kumpigia jirani. Inakaribia saba za kawaida."

Kinyozi alisema alijua tangu zamani kwamba kampuni za simu zinawanyonya watu. Bi Waya alimsahihisha. Kampuni huchukua sehemu moja tu ya ile bei ya juu. Sehemu nyingine hurudi kwa mwenye namba. Kule kwenye mitambo waliziita namba za mgawo, kwa sababu kila mtu anapopiga, anayepigiwa hupata mgawo wake.

Mama alikuwa amekaa pembeni tangu aliporudi kutoka karakanani. Sasa aliuliza, "Mwenye namba ni nani?"

"Hospitali," alisema Bi Waya.

Kisha Bi Waya akaketi, akawaeleza taratibu. Namba ya mgawo si kosa kila mahali. Mtu akitaka kupigia kura wimbo redioni, akaambiwa bei, akapiga, hiyo ni hiari yake. Akiona ghali, anaacha, na hapungukiwi kitu. Mgonjwa hana hiari hiyo. Hawezi kwenda kutafuta orodha nyingine. Ni sawa na mtu anayeulizia maji yaliyokatika au cheti cha kuzaliwa.

"Tena angalieni jambo hili," alisema. "Unavyozidi kusubiri, ndivyo mgawo wao unavyozidi. Sisemi wanakusubirisha makusudi. Nasema hawana haraka ya kujaza vile viti viwili alivyoviona Wakili."

Wakili aliuliza mtu atazijuaje namba hizi. Bi Waya alisema dalili ni chache. Mara nyingi ni fupi, au mwanzo wake haufanani na namba za simu za watu. Kifurushi hakifanyi kazi. Mashine hupokea mara moja, halafu hukuweka kwenye foleni. Kwa haki, bei ya dakika inatakiwa iandikwe kando ya namba, kwa maandishi yanayosomeka. Isipoandikwa, uliza kabla ya kupiga. Ukishindwa kuuliza, tazama salio kabla na baada ya simu. Na siku zote omba namba ya kawaida.

"Wana namba ya kawaida?" Wakili aliuliza.

"Lazima wawe nayo. Namba fupi ni jina la utani tu. Shemeji hapa mtaa mzima unamwita Bipu, lakini kitambulisho chake kina jina alilopewa na wazazi. Namba hii nayo ina jina la kuzaliwa. Ukipiga ile fupi, mitambo inakuelekeza kwenye ile ya kawaida. Nimeziunganisha kwa mikono yangu."

"Basi tupe ya hospitali," alisema kinyozi.

"Siijui. Na hata ningeijua, ingekufaa wewe peke yako."

Kinyozi alisema kesho atakwenda dirisha namba tatu, awaambie kwamba wao ni wezi. Bi Waya alimuuliza karani atajibu nini. Kinyozi hakuwa amefika huko. Bi Waya alimsaidia. Karani atasema bei imepangwa na kampuni ya simu, na atakuwa amesema kweli. Kinyozi atarudi na hasira zaidi ya zile alizoondoka nazo, na namba itabaki kwenye kadi.

"Usiende na hasira, shemeji. Nenda na dakika."

Ndivyo walivyofanya. Wakili alichapa fomu ndogo, nne katika karatasi moja, kwenye mabaki ya karatasi ambayo mwenye duka alimruhusu kuyatumia wakati wa chakula cha mchana. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, kwa anayetaka, na maswali matatu. Ulipiga siku gani? Ulikaa dakika ngapi mpaka ukajibiwa na mtu, au mpaka simu ikakatika? Ulipoteza nafasi yako? Bi Waya aliongeza sharti moja. Dakika zisiandikwe kwa kukumbuka. Simu ya kila mtu huweka orodha ya simu alizopiga na muda wa kila moja. Zinakiliwe kutoka humo.

Mama alikwenda kwenye lango la hospitali kila alipotoka kazini. Bi Waya alikuwa ameshatangulia tangu mchana, kwenye kigoda chake. Watu hawakuwa wakaidi, walikuwa na wasiwasi. Mzee mmoja mwenye bandeji mguuni alisema hataki jina lake lionekane, asije akarukwa. Mama hakumlazimisha. Mwanamke mjamzito alifungua simu yake na kuonyesha dakika kumi na tisa, kisha kukatika. Mwashi mmoja alisema aliacha kupiga, akawa anakuja mwenyewe, na kila akija anaambiwa arudi nyumbani akapige. Alikuwa amekuja mara nne.

Kinyozi alikusanya fomu kwenye kibanda chake cha kunyolea. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko ilivyotakiwa. Jumamosi, walipozitandaza fomu zote mkekani, Bi Waya alitoa kumi na sita na kuziweka kando.

"Shemeji, watu hawa kumi na sita walinyolewa siku moja?"

"Kwa nini?"

"Wote wanaandika herufi K kama ndoana. Na ile bei ya kunyoa iliyoko ukutani kwako imeandikwa kwa ndoana hiyo hiyo."

Wakili alijiziba mdomo. Kinyozi alisema watu hao wapo, wamepata taabu hiyo kweli, yeye amewasaidia kuandika tu.

"Wako wapi? Walikaa dakika ngapi?" Bi Waya hakupandisha sauti. "Hospitali wakikuta moja ya kubuni, nyingine zote zimekufa nayo. Hapo hata ile ya mama mjamzito itaitwa ya uongo."

Alizichana. Kinyozi hakumsemesha kwa siku mbili. Siku ya tatu alibisha hodi mlangoni kwake, akampa fomu tisa. Kila moja ilikuwa na namba ya simu ya mwenyewe, na chini yake sahihi. Mbili zilikuwa na alama za povu. Bi Waya alizisoma moja baada ya nyingine, kisha akamkaribisha chai.

Mwisho wa mwezi wa tano walikuwa na fomu mia moja ishirini na saba. Wakili alijumlisha. Kwa wastani mtu alisubiri dakika kumi na moja. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamepoteza nafasi zao za upasuaji kwa kuwa simu zao zilikatika kabla ya kujibiwa. Mama alikuwa mmoja wao.

Waliandika barua kwa katibu wa hospitali. Haikujibiwa. Wakaandika ya pili yenye maneno yale yale, ila chini yake Bi Waya alitaka iongezwe mistari miwili: nakala kwa bodi ya hospitali, nakala kwa mamlaka ya mawasiliano. Nakala hizo walizipeleka kweli. Jibu lilikuja baada ya siku tatu.

Katibu aliwapokea ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na faili mezani, na alikuwa amelisoma. Alisema zamani simu ya hospitali ilikuwa moja, na kila mtu alikuta inatumika. Ndipo kampuni moja ikawaletea mashine ya kupanga wapigaji kwenye foleni, bila hospitali kulipa chochote. Sharti lilikuwa kutumia ile namba fupi. Mgawo uliorudi ulinunua mabenchi ya wodi ya wazazi. Akauliza kama wanataka kurudi kwenye simu isiyopatikana.

Bi Waya alimjibu kwamba hapo mambo mawili yamefungwa pamoja. "Foleni ni kazi ya mashine. Bei ni ya namba. Mashine ile ile inaweza kukaa juu ya namba ya kawaida, na foleni ikaenda vilevile."

"Sikuelezwa hivyo."

"Aliyekuuzia hakuwa na sababu ya kukueleza."

Katibu aliandika kitu. Mama akaomba kusema. Alisema mabenchi ni mazuri, ameyaona. Lakini yamenunuliwa na wagonjwa, na wagonjwa hawakuulizwa. "Mimi nilitaka kuthibitisha siku yangu tu," alisema. "Mume wangu alipiga wiki nzima. Nyinyi mkaandika kwamba sikupiga."

Katibu alifungua faili lake. Kulikuwa na taarifa aliyoiandika mwenyewe, yenye kichwa kuhusu wagonjwa wazembe. Ilisema chumba cha upasuaji wa macho kilikaa bila mgonjwa siku nne katika mwezi mmoja, kwa sababu walioitwa hawakuthibitisha, na waliopewa nafasi zao hawakuthibitisha pia. Alikuwa amependekeza wapewe onyo. Sasa aliiweka taarifa hiyo kando ya fomu za Wakili. Tarehe zilikuwa zile zile. Daktari na wauguzi walikuwa wamekaa bure siku nne, na wagonjwa wao walikuwa kwenye foleni wakisikiliza muziki.

Alifunga faili. Kisha akasema mkataba wa namba fupi unaisha mwezi wa tisa, na hawezi kuuvunja kabla ya hapo.

"Mkataba unawakataza kutangaza namba ya kawaida?" aliuliza Wakili.

Katibu alisema anadhani hivyo. Wakili alimwomba asome. Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na mbili, na katibu alizipitia zote, akifuata mistari kwa kalamu. Wageni wake walingoja. Alipofika ukurasa wa mwisho, alirudi wa tano, akausoma tena.

"Haukatazi," alisema.

Mama hakuomba asogezwe mbele ya wengine, na katibu alisema hata kama angeomba, asingekubaliwa. Lakini bodi ilipokutana wiki hiyo, ilikubali mambo matatu. Namba ya kawaida ipigwe mhuri kwenye kila kadi na ibandikwe langoni, na bei ya ile fupi iandikwe kando yake. Anayefika mwenyewe aweze kuthibitisha dirishani. Na wale arobaini na mmoja warudishwe mahali walipokuwa kwenye orodha. Zaidi ya hayo, mkataba wa namba fupi ukiisha usingeendelezwa. Mwezi wa tatu baada ya mabadiliko hayo, katibu alimtumia Bi Waya taarifa mpya ya ukurasa mmoja. Walioshindwa kuthibitisha walikuwa watatu. Siku ambazo chumba kilikaa bila mgonjwa hazikuwepo. Mtu wa pili alikuwa ameajiriwa kupokea simu. Kiti cha tatu kilikuwa bado kitupu, na katibu alilisema hilo pia.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ambayo ujumbe wa mama ulifika mara ya pili ilikuwa tarehe kumi na tisa ya mwezi wa sita. Safari hii alipiga mwenyewe ile namba ya kawaida, wakati wa mapumziko, amesimama kando ya kibanda cha mlinzi wa karakana, aliyempa simu yake kwa ruhusa ya msimamizi. Simu ililia mara mbili. Sauti ya mwanamke ikasema, "Hospitali, habari za saa hizi."

Mama alinyamaza, akisubiri muziki.

"Hospitali," ilisema sauti. "Nikusaidie nini, mama?"

Alipewa tarehe ishirini na saba. Mazungumzo yote yalichukua dakika moja na nusu, na yaliingia kwenye kifurushi. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, akamwambia tarehe. Msimamizi alitazama kalenda ukutani. Zilikuwa siku tatu kabla ya mwezi kwisha. Alisema meza itamngoja, na kwamba wiki ya kwanza akirudi ataanza na mashati meupe, kwa kuwa hayachoshi macho.

Upasuaji ulifanyika. Asubuhi ya pili yake alirudi hospitali kufunguliwa bandeji, na kinyozi alifunga kibanda akaenda naye. Nesi aliondoa plasta polepole, akafuta jicho kwa pamba, akamwambia alifumbue bila haraka. Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na ubao wa herufi. Mama alizisoma zote hadi mstari wa chini kabisa, ule ambao wagonjwa wengi huubahatisha.

Kisha akageuka kumtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kidevuni, kama anavyotazama shati.

"Kumbe umezeeka hivi," alisema.

Kinyozi alimuuliza nesi kama jicho la pili linaweza kungoja kidogo. Nesi alisema hilo ni la mama kuamua.

"Wiki ijayo," alisema mama, "ikiwezekana."